Barua za Currer Bell: Charlotte Brontë na wachapishaji wake wa London

Walimu wa insha hufundisha barua rasmi na barua ya kirafiki kana kwamba ni vijiji viwili visivyo na njia ya kuviunganisha. Barua rasmi ina anwani mbili, mtajo, na ile KUH au MINT iliyopigiwa mstari. Ya kirafiki ina anwani moja na salamu tele. Mwanafunzi akichanganya, anakatwa alama. Mimi mwenyewe nimezikata alama hizo kwa miaka mingi na sioni haya. Ila kuna barua ambazo kila nikizirudia hunitia shaka, kwa sababu zinaanzia upande mmoja wa mpaka na kuishia upande wa pili, nawe huwezi kusema zilivukia wapi. Ni barua ambazo Charlotte Brontë, mwandishi wa riwaya ya Jane Eyre, aliwaandikia wachapishaji wake wa London kati ya 1847 na 1853.

Charlotte alizaliwa 1816, binti ya kasisi wa Kianglikana aliyetoka Ireland na kupewa parokia ya Haworth, kijiji cha vilima na upepo katika jimbo la Yorkshire. Mama yao alifariki 1821, dada wawili wakubwa wakafuata 1825. Wakabaki wanne: Charlotte, Branwell ambaye ndiye mwana wa pekee wa kiume, Emily na Anne. Wote wanne waliandika tangu utotoni. Charlotte akiwa na miaka 20 alimtumia mashairi Robert Southey, aliyekuwa malenga rasmi wa ufalme, na Machi 1837 akajibiwa kwamba fasihi si kazi ya maisha ya mwanamke na wala haifai kuwa hivyo. Jibu hilo halikuwa na matusi. Lilikuwa la mzee anayemwonea huruma msichana, na pengine ndiyo sababu lilichoma zaidi.

Hapa itafaa kukumbuka jambo dogo la posta. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1830, aliyelipia barua Uingereza kwa kawaida alikuwa mpokeaji, na bei ilipanda kadiri ya umbali. Januari 1840 ikaletwa posta ya senti moja ya Kiingereza, yaani peni, popote iendapo ndani ya nchi, na miezi michache baadaye ikaja stempu ya kubandika. Ghafla binti wa kasisi aliyeishi mbali na jiji aliweza kuzungumza na ofisi za London bila kumwomba mtu nauli wala ruhusa. Sidhani kama tungekuwa na ndugu hawa watatu kwenye rafu zetu bila stempu hiyo.

Jaribio la kwanza lilikuwa la mashairi. Januari 1846 Charlotte aliwaandikia Aylott na Jones kuuliza kama wangekubali kuchapisha diwani kwa gharama za watunzi wenyewe. Watunzi, alieleza, ni watatu: Currer, Ellis na Acton Bell. Herufi za mwanzo ndizo zilezile za Charlotte, Emily na Anne. Majina yenyewe yalichaguliwa kwa makusudi yasimtaje mwanamke wala kudai waziwazi kuwa ni ya mwanamume. Barua hizo za mwanzo ni za mtu anayejifunza biashara huku akitembea: anauliza aina ya karatasi, ukubwa wa herufi, gharama. Alitia sahihi kama C. Brontë, wakala tu wa akina Bell, na kampuni ikamjibu kwa heshima wanazopewa wanaume. Mnamo Machi ilimbidi aombe kwamba siku zijazo barua ziandikiwe Bi Brontë, kwa sababu hiyo heshima ya bwana ilikuwa imeleta mkanganyiko pale nyumbani. Unaweza kuiona picha: barua ya “Bwana Brontë” inafika kwenye nyumba iliyo na mabwana wawili, baba na kaka, na hakuna kati yao anayeijua siri!

Ndugu hao walilipa zaidi ya pauni 31 kuanzia, pesa za urithi mdogo waliouachiwa na shangazi yao, kisha wakaongeza nyingine. Baada ya mwaka mmoja nakala zilizouzwa zilikuwa mbili. Si mia mbili. Mbili.

Wakati huo tayari kila mmoja alikuwa na riwaya. Ya Emily ni Wuthering Heights, ya Anne ni Agnes Grey, na ya Charlotte ni The Professor. Mbili za kwanza zilikubaliwa na mchapishaji T. C. Newby, tena kwa masharti ya kumlipa yeye pauni 50 kwanza. Ya Charlotte haikutakwa na mtu. Iliondoka Haworth, ikarudi, ikaondoka tena. Julai 1847 ilifika katika ofisi za Smith, Elder na Wenzake, nambari 65 Cornhill. George Smith, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akiiongoza kampuni hiyo, alikumbuka uzeeni kwamba kifurushi kilikuwa na majina ya wachapishaji wengine watatu au wanne, yamekatwa kwa mstari lakini yanasomeka vizuri. Yaani mwandishi alitumia karatasi ileile kila mara na hakuficha kwamba amefukuzwa kwingineko. Mtu aliyezoea soko hafanyi hivyo. Elizabeth Gaskell, aliyeandika wasifu wa Charlotte, anasimulia pia kwamba mara moja jibu lilipochelewa, Charlotte alimwuliza kaka yake sababu, naye akamwambia ni kwa kuwa hakuweka stempu ya kujibiwa. Akaandika tena na kuiweka.

Jibu la Smith, Elder lilikuwa la kukataa. Lakini kukataa nako kuna namna. Msomaji wao wa miswada, William Smith Williams, mtu mpole wa umri wa karibu miaka 47, alieleza kwa kirefu kwa nini kitabu hakiwezi kuuzika, akakisifu palipostahili sifa, na kuongeza kwamba kazi ya juzuu tatu ingesomwa kwa makini. Charlotte alisema baadaye kwamba barua hiyo ilimpa moyo kuliko kukubaliwa kwa maneno makavu. Alikuwa na riwaya nyingine karibu kumalizika. Tarehe 24 Agosti akaipeleka kwa reli kutoka Keighley, pamoja na maelekezo ya anwani: barua za Currer Bell zipitie kwa Bi Brontë, la sivyo huenda zikapotea. Hilo lilikuwa kweli, maana Gaskell anaeleza jinsi tarishi alivyowahi kumwuliza kasisi mzee huyo Currer Bell anakaa wapi, naye akajibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo katika parokia yake.

Williams aliusoma mswada wa Jane Eyre akampa mkubwa wake. Smith aliuanza Jumapili asubuhi, akaghairi miadi ya kupanda farasi na rafiki, akala mkate mezani kwake, na hakulala kabla ya kuumaliza. Kampuni ikatoa pauni 100 kwa hakimiliki, na kudai haki ya kwanza juu ya vitabu viwili vifuatavyo. Ikapendekeza pia marekebisho.

Barua ya kujibu, ya Septemba 12, ndiyo ningeichagua kama ningetakiwa kuchagua moja. Mwandishi hajulikani na mtu, amekataliwa kote, na sasa ameshikwa mkono na kampuni kubwa. Wengi wetu tungesema asante na kunyamaza. Yeye anasema wazi kwamba pauni 100 ni pesa kidogo kwa kazi ya akili ya mwaka mzima, kisha anazikubali, akitumaini kwamba kitabu kikifaulu atakumbukwa. Kuhusu marekebisho anakataa: moto uliomwandikisha umeshazima, na akianza kupunguza na kuongeza sasa, akiwa baridi, ataharibu zaidi. Hakuna kiburi humo wala unyenyekevu wa kujipendekeza. Kitabu kilitoka Oktoba 1847 bila marekebisho hayo na kikapigwa chapa ya pili Januari na ya tatu Aprili. Malipo ya nyongeza yalikuja, hata Jane Eyre kwa jumla ikamletea pauni 500.

Je, pauni 500 ni nyingi au kidogo? Alipokuwa mwalimu wa watoto nyumbani kwa tajiri mwaka wa 1841, mshahara wake ulikuwa pauni 20 kwa mwaka, na humo zikatolewa za kufuliwa nguo. Kwa hesabu hiyo alipata mshahara wa miaka 25. Lakini mwaka wa 1862 George Smith huyuhuyu alimwahidi mwandishi mwingine wa kike, George Eliot, pauni 10,000 kwa riwaya ya Romola, na hatimaye akamlipa 7,000. Charlotte alilipwa 500 kwa kila riwaya, ya kwanza, ya pili na ya tatu, ingawa jina lake lilikuwa limekua kila mara. Kwa Villette alitarajia zaidi, na baba yake alitaja 700. Ilipokuja hati ya 500, bila neno lolote la Smith, alikaribia kupanda garimoshi kwenda kuuliza kulikoni. Sisemi alidhulumiwa, mkataba ni mkataba. Ila urafiki mzuri na mchapishaji unaweza kumgharimu mwandishi, kwa sababu mtu huona haya kuvutana bei na rafiki.

Sasa turudi kwenye jinsia, na hapa ndipo Kiswahili kinaponiingiza mwenyewe katika mkanganyiko. Kwetu sisi, mtu wa nafsi ya tatu huingia ngeli ya A-WA, awe mume awe mke. “Aliandika kitabu” haisemi lolote zaidi. Kiingereza hakikubali: lazima uchague kiwakilishi cha mwanamume au cha mwanamke. Basi kila mhakiki aliyetaka kuizungumzia Jane Eyre alijikuta amebanwa na sarufi ya lugha yake mwenyewe. Wengine walisema ni mwanamume, wengine mwanamke, wengine wakadai eti akina Bell wote watatu ni mtu mmoja. Katika barua zake kwa Cornhill, Charlotte naye alilazimika kuwaita Emily na Anne kwa viwakilishi vya kiume, mstari baada ya mstari. Mfasiri wa Kiswahili akizigusa barua hizo, uongo wote huo unayeyuka. “Ellis hakupenda, alisema…” Msomaji wetu hatajua kwamba palikuwa na mtu anayejificha. Ungefanyaje? Kuongeza “Bwana” kila mahali? Itachosha. Kutia tanbihi? Pengine. Sijapata jibu linaloniridhisha.

Kinyago hicho kilikuwa na raha zake. Mei 1848 Williams, baba wa watoto wanane, alikuwa akifikiria binti zake wawe walimu wa majumbani, akamwuliza Currer Bell ana maoni gani. Alijibiwa kwa kirefu, kwa uchungu, na kwa ujuzi wa mambo ya ndani ambao mwanamume yeyote angeupata kwa taabu sana: upweke wa kukaa kati ya watumishi na wenye nyumba bila kuwa wa kundi lolote, na jinsi elimu peke yake isivyotosha kumlinda mtu mwenye moyo mwororo. Nadhani Williams alishuku. Hakuuliza.

Kilichomvua kinyago ni Newby, yule mchapishaji wa ndugu zake. Alipokuwa akitoa riwaya ya pili ya Anne, The Tenant of Wildfell Hall, alimwuzia mchapishaji wa Marekani fununu kwamba ni kazi mpya ya mwandishi wa Jane Eyre. Smith, Elder walikuwa wamekwisha kuiahidi kampuni nyingine ya huko kitabu kijacho cha Currer Bell. Wakaandika kutaka maelezo, kwa adabu lakini kwa wasiwasi. Barua ilifika Haworth Ijumaa, Julai 7, 1848. Jioni hiyohiyo Charlotte na Anne walitembea maili 4 hadi Keighley katika dhoruba, wakapanda garimoshi la usiku, na Jumamosi asubuhi wakawa Cornhill wakimwulizia Bwana Smith.

Alitoka kijana mrefu aliyekuwa na shughuli nyingi. Mbele yake wamesimama wanawake wawili wadogo wa umbo, waliovaa nguo za shamba. Charlotte akampa barua yake mwenyewe, ile aliyomwandikia Currer Bell. Smith akaitazama na kuuliza kwa ukali kidogo ameipata wapi. Akajibiwa: posta, ilikuwa imeandikiwa mimi. Jioni yake aliwapeleka kwenye opera.

Lakini Charlotte, katika kujitambulisha, aliponyokwa na ulimi. Alisema wako dada watatu. Emily, aliyebaki nyumbani, hakuwa amekubali kufichuliwa, na alikasirika mno. Mwisho wa Julai Charlotte alimwandikia Williams kumsihi asimtaje tena Ellis kwa njia yoyote ila kama Ellis Bell. Ni barua fupi ya fedheha. Watu husimulia safari ile ya London kama kichekesho kitamu, nami nimefanya hivyo hapo juu, ila kwa Emily ilikuwa ni usaliti.

Emily hakukaa muda mrefu wa kukasirika. Branwell alikufa Septemba 24, 1848. Emily Desemba 19. Anne Mei 28, 1849, huko Scarborough alikopelekwa kwa ajili ya hewa ya bahari. Katika miezi 8 nyumba ilibaki na baba mzee na binti mmoja. Na barua ambazo Charlotte aliandika katika miezi hiyo, zile zenye maelezo kamili zaidi ya jinsi Emily alivyokataa madaktari na kusimama kwa miguu yake hadi siku ya mwisho, nyingi alimwandikia nani? Msomaji wa miswada wa kampuni yake. Williams alituma ushauri wa tiba, akatuma maneno ya pole, na Cornhill ikaendelea kutuma masanduku ya vitabu vya kuazima, ambayo katika nyumba ile yenye ukimya yalifika kama wageni. Barua bado zilianza kwa mtajo wa kiofisi. Mtajo haukubadilika, kilichobadilika ni kila kitu kilichofuata chini yake. Julai 1849 alimwambia Williams kwamba bila kazi ya kuandika asingejua angeishije, na kwamba binti zake wafundishwe kujitegemea. Southey alikuwa amekwisha kufa miaka 6 kabla.

Usidhani walikubaliana katika yote. Sura ya kwanza ya Shirley, yenye makasisi vijana wanaogombana juu ya chakula, haikuwapendeza Cornhill, na Charlotte aliitetea kwamba ni kweli tupu kama maisha yenyewe. Kisha kulikuwa na Elizabeth Rigby, aliyekuwa ameandika katika Quarterly Review kwamba ikiwa Jane Eyre imeandikwa na mwanamke, basi ni mwanamke aliyepoteza haki ya kukaa na wenzake. Charlotte alitaka kumjibu katika dibaji ya Shirley, kwa kejeli. Smith na Williams waliona itamshusha, wakaomba kitu kingine. Hakutaka kingine. Riwaya ikatoka Oktoba 1849 bila dibaji. Hapo, nijuavyo mimi tabia za wahakiki, wachapishaji walikuwa na busara kuliko yeye.

Barua za George Smith zina rangi nyingine. Baada ya 1849 Charlotte alikuwa akifikia nyumbani kwa mama yake Smith anapokuja London; walisafiri pamoja Edinburgh mwaka wa 1850; Smith alimlipia mchoraji George Richmond amchore picha na kuipeleka Haworth. Naye aliandika kwa mzaha ambao hakumwandikia mwanamume mwingine. Februari 1851 alipomtajia tena The Professor, alisema mswada huo umepata heshima ya kukataliwa mara 9, mara 3 kati ya hizo na Smith mwenyewe, na sasa ataufungia kabatini. Katika Villette alimchora Smith kama Dkt John na mama yake kama Bi Bretton, halafu akamtumia Smith huyo mswada ausome. Smith alijitambua. Alisifu juzuu mbili za kwanza, ya tatu hakuielewa vizuri, na Charlotte akamweleza kwa upole kwamba Lucy hawezi kuolewa na Dkt John: kijana huyo ni mzuri mno na ana bahati mno, lazima aoe aliye kama yeye. Sijui barua nyingine ya mwandishi kwa mchapishaji yenye maana mbili zilizolala kitanda kimoja namna hiyo.

Mwishoni mwa 1853 Smith alichumbia msichana mwingine. Mnamo Desemba Charlotte alimwandikia pongezi za sentensi chache, akisema kwamba katika furaha kubwa kama katika huzuni kubwa maneno yawe machache. Siku chache kabla alikuwa amemwandikia Williams asijisumbue tena kuchagua wala kutuma vitabu.

Juni 1854 aliolewa na Arthur Bell Nicholls, kasisi msaidizi wa baba yake. Alifariki Machi 31, 1855, akiwa na miaka 38. Gaskell alipoandika wasifu wake, kwa baraka za baba na chapa ya Smith, Elder, Smith alimwonyesha baadhi ya barua alizokuwa nazo na nyingine akabaki nazo mwenyewe. Wasifu ulitoka 1857. Mwaka huohuo kabati la Haworth lilifunguliwa, Nicholls akaukabidhi mswada wa The Professor kwa Cornhill, na safari hii ukakubaliwa. Kila msomaji alikuwa amekwisha kujua mwandishi ni nani. Kwenye ukurasa wa kichwa wakaandika: Currer Bell.